Dada Yangu Katika Mafaili Mawili

Sijui kama nastahili kuandika haya. Nilisoma mpaka darasa la nane tu, na kazi yangu katika ile hospitali ndogo ya Garissa ilikuwa kutafuta kadi za wagonjwa kabatini. Miaka ya tisini ikielekea mwisho, ikaletwa kompyuta. Nisiidhulumu. Kadi zililiwa na mchwa, nyingine zilipotea, na kwa kompyuta mgonjwa aliyetoka mbali hakungoja tena nusu siku.

Mwalimu aliyetoka Nairobi kutufundisha alisema mwanamke aliyeolewa aandikwe kwa jina la mume. Kwetu Wasomali mwanamke hubaki na jina la baba na la babu yake mpaka kaburini. Nilijua. Nikanyamaza, nikidhani mwenye masomo anajua zaidi.

Siku niliyonakili kadi ya dada yangu mdogo kwenye kompyuta, alikuwa ameniletea chai. Nikamwonyesha jina lake kwenye kioo, akacheka hadi akashika meza.

“Aboowe, kaka yangu, kumbe mume wangu ndiye aliyenizaa? Basi mahari alimlipa nani, yeye mwenyewe?”

Nikacheka pia. Chini ya jina lile nilikuwa nimenakili onyo la kadi: asidungwe penisilini.

Miezi michache baadaye nilitumwa Dadaab siku mbili. Homa ikamshika, jirani akamleta hajitambui. Jirani alitaja jina kama tunavyotaja sisi: lake, la baba, la babu. Mwenzangu akatafuta, asione kitu. Akasema, “Huyu mgeni,” akamfungulia faili jipya, tupu. Nesi aliuliza kama kuna dawa inayomdhuru. Jirani hakujua. Hapo siwezi kumlaumu mtu. Akadungwa.

Niliporudi, walikuwa wameshamzika.

Mkubwa wangu aliniomba, kwa upole, niandike kwenye mafaili yote mawili kwamba amefariki. Lile tupu niliandika siku ileile. Lile langu, lenye onyo, nililiacha karibu mwezi mzima. Kila asubuhi nikilifungua, lilisema ameolewa, ana miaka ishirini na sita, yu hai. Ni uongo, na aliyeuacha ni mimi.

Mama aliniuliza kwa nini hawakujua habari ya ile sindano.

“Jina lake halikuonekana, hooyo.”

Hakuuliza ni nani aliyeliandika. Na mimi sikumwambia.