Nilimsingizia Mwende Ili Niende China Badala Yake

Nimekosea, na sitaki mtu anitetee. Jina langu liacheni. Mimi ni Mkenya, nafanya kazi za nyumbani hapa Riyadh, na nilimharibia mwenzangu maisha kwa sababu ya safari ya siku kumi. Siku kumi tu, jamani!

Mwenzangu nitamwita Mwende, ingawa si jina lake. Tulikuwa wawili nyumba moja. Mimi nilikuwa wa jikoni na kufua. Yeye alilea kitinda mimba wa madam, msichana wa miaka minne, tangu akiwa mchanga. Mwende alikuwa amebakisha miezi miwili tu mkataba uishe, arudi nyumbani kwa binti yake, aliyemwacha darasa la saba na sasa yuko kidato cha nne. Ukimwambia jambo lolote la kazi anakujibu, "Wacha tu, akili yangu ishapanda ndege."

Basi madam akatangaza kwamba familia inaenda China kutembea, na mmoja wetu ataenda kumwangalia mtoto. Nani mwingine kama si Mwende? Pasipoti yake ikatolewa kabatini ipelekwe kutafutiwa viza. Nikamsikia anampigia binti yake huku anacheka: "Mamako anaenda China! Hebu niambie unavaa kiatu namba ngapi!"

Mimi nilikuwa namenya vitunguu, roho inaniuma. Miaka mitatu Riyadh na ninachokijua ni jikoni, roshani ya kuanikia nguo na pipa la taka nje ya geti. Hata soko la Dira nimelisikia tu kwa watu.

Kesho yake nikampelekea madam chai. Nikamwambia, "Madam, mimi sitaki shida. Lakini Mwende anaongea na watu wa Manfuha, ule mtaa wanakojificha waliokimbia waajiri. Nafikiri anataka kukimbia."

Ukweli ni huu: Mwende ana binamu anayeishi Manfuha, na kila Ijumaa walikuwa wanapigiana simu kusalimiana. Ni hilo tu! Lakini sisi tunaofanya kazi huku tunajua kosa kubwa kuliko yote machoni pa mwajiri ni kukimbia. Sufuria ukiunguza utafokewa, yaishe. Ukishukiwa kukimbia, umekwisha. Nilijua hivyo, na ndiyo sababu nikalichagua neno hilo.

Madam hakupiga kelele. Alichukua simu ya Mwende, na baada ya siku mbili akampeleka Jeddah kwa mama yake yeye madam, bibi mwenye nyumba ya ghorofa tatu na wageni wasiokatika. Mwende alisimama mlangoni na begi lake, macho mekundu.

"Dadangu, nimekosa nini? Wewe umesikia chochote?"

"Mafi, hakuna," nikamwambia. "Sijui kitu. Labda bibi anaumwa tu."

Akanikumbatia. Mungu wangu, akanikumbatia!

Pasipoti yangu ndiyo ikatafutiwa viza, nikaenda China. Siku tuliyotoka sote kama familia, tulianzia kwenye jumba la sanaa ya kisasa huko Shanghai. Ukumbi mmoja ulikuwa umejaa mabeseni ya plastiki, yamepangwa hadi darini. Mabeseni! Mimi nimefua kwa beseni tangu utotoni, na hakuna aliyewahi kulipa kiingilio aje kunitazama. Mume wa madam alizunguka akitikisa kichwa kama mtu aliyeelewa. Siku nyingine ningecheka mpaka nikae chini.

Lakini mtoto alinivuta nguo. "Mwende ataosha yote haya?" akaniuliza kwa Kiarabu. "Mwende yuko wapi?" Akajitupa sakafuni, akamlilia Mwende mpaka walinzi wakaja. Nikambeba ukumbi hadi ukumbi, nikipita picha na masanamu nisijue nimeona nini. Kila nikisimama miguu inataka kwenda, nikienda sijui naenda wapi.

Baadaye tukaingia dukani, jengo la ghorofa saba. Madam akanunua na kununua, mimi nikabeba. Akaniambia nichague kitu changu. Nikachagua koti jekundu, nikajipiga picha nalo, nikaweka kwa stetasi: "Mungu hachelewi." Ndiyo, niliandika hivyo!

Hazikupita dakika ishirini, ujumbe ukaingia. Ni binti wa Mwende. Mama yake aliwahi kutumia simu yangu, ndiyo maana alikuwa na namba. "Anti, mko China? Simu ya mama haiingii. Mbona simwoni kwa picha?"

Nilikuwa na nafasi hapo hapo ya kusema kweli. Nikaandika, "Yuko hapa, ndiye ananipiga picha. Simu yake imeharibika."

"Asante Anti! Mwambie tunamwombea."

Kwa hiyo nyumbani kwao hakuna aliyemtafuta. Hakuna aliyempigia wakala wala kuuliza. Walidhani anatembea China, kumbe yuko Jeddah anapanda na kushuka ngazi, hana simu, hajui hata kama atarudishwa kwao.

Usingizi ulinihama. Nikaapa tukifika tu Riyadh nitamwambia madam kila kitu. Tulifika, hata masanduku hatujafungua, simu ikalia kutoka Jeddah. Mwende alitoka kutupa taka asubuhi, hakurudi.

Madam alikata simu, akanishika bega. "Ulisema kweli," akaniambia. "Ulinionya."

Siku hiyo hiyo ripoti ya kutoroka ikapelekwa, na ikama ya Mwende, kibali chake cha kuishi huku, ikafa. Nikamwambia madam nilidanganya. Nikalia, nikaapa. Akacheka kidogo. "Unamtetea kwa sababu ni Mkenya mwenzako. Halas, basi, nenda jikoni." Nilipodanganya, aliniamini kabla chai haijapoa. Niliposema kweli, hakutaka hata kunisikiliza!

Binamu yake ameniambia Mwende yuko mtaa wa Al-Mahjar huko Jeddah, amejificha kwa watu, anaosha nyumba za watu kwa siku. Alikimbia kwa sababu bibi alimwambia habari ya kurudi kwao aisahau. Miezi miwili ile ya mkataba ilishapita. Hana karatasi za kumtoa nchini, na akikamatwa sijui itakuwaje. Nimemtumia salamu na kumwomba msamaha. Hajajibu.

Binti yake bado ananiandikia. Wiki iliyopita nilimweleza yote, bila kujificha. Aliusoma ujumbe wangu, na baada ya siku mbili akauliza swali moja: "Sasa nani atamwamini mama?"

Ninyi mlioajiriwa nyumba moja na wenzenu, nawasihi! Ukimchongea mwenzako, nenda ukafute maneno yako leo, yeye akiwa bado yuko jikoni na wewe. Usisubiri safari iishe. Mimi nilisubiri mpaka uongo wangu ukawa kweli, na sasa hata nikipiga magoti, siwezi kuurudisha uwe uongo.