Samansi ya Televisheni Tusiyokuwa Nayo

Siku ile mahakamani, kwa kesi yangu, tulikuwa mimi, mdogo wangu wa kiume, mdogo wetu wa mwisho aliyevaa sare ya shule, mama msusi kutoka Lubumbashi ambaye ni jirani yetu wa mlango wa pili, ofisa wa kike aliyekuwa akipokea mafaili, na askari wa mlangoni. Wa saba alichelewa, na ni kwa ajili yake ninaandika.

Samansi ilikuwa na jina langu. Ilisema nina televisheni na kwamba kwa miaka sijailipia leseni, ile ada ambayo nchi hii humtoza kila mwenye televisheni. Chumbani kwetu, ghorofa ya nne katikati ya mji huu wa ugenini, hapajawahi kuwa na televisheni. Baba alikuwa mtu wa redio. Tangu yeye na mama waondoke duniani, kitu pekee cha umeme kilichoongezeka ni cherehani yangu.

Kosa nililifanya mwenyewe. Baba alipozikwa, kabla watu hawajatawanyika, nilisimama kando ya kaburi kama ilivyo desturi yetu watu wa Tanga, nikasema anayemdai marehemu aje kwangu. Nilikuwa na miaka kumi na nane, nimeshaacha shule ili nishone. Miezi kadhaa baadaye ikaja barua ya leseni ya televisheni, yenye jina la baba na anwani yetu. Sikujiuliza televisheni gani. Niliiona kama mdai aliyechelewa kufika msibani. Nikajibu kwa mwandiko wangu mzuri kabisa kwamba mwenyewe amefariki, mimi ni mwanawe mkubwa, na deni lihamishiwe kwangu. Nikaweka sahihi na namba ya kitambulisho. Wakafanya kama nilivyoomba.

"Weye mutoto!" mama msusi alisema nilipomwonyesha samansi, kitana kikiwa bado mkononi. "Batu bote banakimbia kesi, weye uliiandikia barua ikuye!"

Nilicheka naye, lakini usingizi ulinipotea. Mwezi uliofuata faili letu lingepelekwa kwenye jengo lilelile la mahakama, iamuliwe kama wadogo zangu wabaki kwangu au wagawanywe kwenye nyumba za kulelea watoto. Ofisa wa ustawi wa jamii alikuwa ameniuliza swali moja mara mbili: una kesi yoyote? Mara zote mbili nilimjibu sina.

Ijumaa, baada ya swala, nilisimama msikitini nikauliza nani aliwahi kununua televisheni kwa kutumia anwani yetu. Watu wakaguna. Karibu wote walikuwa wameitumia ile anwani. Kila aliyeshuka kwenye basi kutoka nyumbani, hana pa kupokelea barua, baba alimpa ya kwetu. Kuhusu televisheni, hakuna aliyejibu. Sikuwalaumu. Mtu ambaye karatasi yake ya kuishi nchini inakwisha kila baada ya miezi michache, akiona sare ya polisi huvuka barabara. Sembuse kwenda mahakamani kwa miguu yake.

Basi tukaenda wenyewe. Ofisa alinionyesha barua yangu ndani ya faili.

"Sahihi hii ni yako?"

"Ni yangu, mama."

"Ulilikubali deni?"

"Nililikubali. Lakini televisheni hatuna."

Alinitazama bila ukali, kama fundi anavyotazama kitambaa kilichokwisha kukatwa vibaya. Hapo ndipo tuliposikia mzozo mlangoni.

"Eish, mzee! Mashine hii ni ya kukagua mikoba. Hilo dude unalipeleka wapi?"

"Kwa hakimu."

"Hakimu hatazami mpira saa hizi!"

Aliingia mwanamume wa makamo aliyevaa sare ya ulinzi, begani amebeba televisheni ya zamani, ile yenye kichogo, imefungwa kwa shuka. Jasho lilikuwa limemlowesha hadi kiunoni. Aliitua sakafuni polepole, kama mtu anayemlaza mtoto, akasema jina lake. Lilikuwa jina la baba, lote, hadi la babu. Kwetu majina hayo yamo katika kila nyumba ya pili.

"Ijumaa nilikuwa zamu," aliniambia. "Habari nimeipata jana. Nimetembea kutoka kwangu, mtaa wa Observatory. Teksi moja imenikataa, nyingine imetaka nauli ya watu wawili."

"Sasa baba, si ungeleta karatasi tu?" mdogo wangu alimuuliza.

"Karatasi iko mgongoni mwake. Niliibandika kwa gundi nisije nikaipoteza. Ukiibandua, inachanika."

Mama msusi alijishika kichwa. Ofisa alitoka nyuma ya meza yake, akavaa miwani, akapiga magoti kwenye sakafu ile ya mawe. Leseni ilikuwepo, imebadilika rangi kwa joto, na jina, na anwani yetu, na namba ya kitambulisho ambayo haikuwa ya baba wala yangu. Watu waliokuwa wakisubiri kesi zao walisogea kutazama. Nimeingia majengo mengi makubwa ya mji huu kupeleka sare nilizoshona, nimeona kumbi na nguzo zake. Sijaona kitu kikubwa kama mtu yule aliposimama wima, karatasi yake ya kuishi nchini, kama alivyoniambia baadaye, ikiwa imebakiza siku kumi, akasema:

"Mfute kijana. Niandike mimi."

Mdogo wetu wa mwisho alimshika mkono, akabaki ameushika.

Jina langu lilifutwa palepale. Yeye alipewa tarehe yake ya kurudi, na ilikuwa ileile ya faili letu. Nilimbebea televisheni hadi Observatory, nikamwambia siku hiyo nitasimama naye. Akasema, "Wewe simama na wadogo zako."

Siku ilipofika tuliitwa ghorofa ya juu asubuhi, tukakaa humo hadi saa nane. Tulitoka na karatasi inayosema wadogo zangu watakaa kwangu. Nilishuka ngazi mbili mbili. Ukumbi ulikuwa mtupu. Askari alisema mzee alisomewa mashtaka mapema, akakubali yote, akaondoka peke yake. Chumbani kwake Observatory nilikuta mlinzi mwingine, hajui mwenzake amehamishiwa mji gani.

Nimeuliza msikitini, nimeuliza mtaa wa Newtown, nimeuliza kwenye mabasi. Ananidai siku moja ya kusimama kando yake, na bado sijailipa.