Kura Zisizolingana

Jumanne, tarehe 9 Septemba. Manyunyu tangu alfajiri, yakakatika saa nne.

Wifi yangu ametunza ghala la mashine za kura kwa miaka kumi na moja. Wenzake humwita Bi Lakiri, maana hakuna mashine inayotoka mlangoni kabla hajaifunga lakiri na kuandika namba yake daftarini kwa mkono. Kaka yangu husema siku moja atamkuta ameipiga lakiri hata sufuria ya mboga.

Siku hiyo mashine sitini na nne zilipaswa kuondoka saa sita kwenda vituoni. Fundi alikuwa amezijaribu zote: wagombea wanne, kura tatu kwa kila mmoja. Kila mashine ikatoa tatu, tatu, tatu, tatu. Mawakala wa wagombea wakaridhika. Wifi akakataa kufunga.

"Kuna nini tena, Bi Lakiri?" meneja akauliza. "Si zote ziko sawa?"

"Ndicho kinachonikera, bosi. Kila mtu akipewa tatu, mashine ikiwachanganya wagombea utajuaje?"

Fundi akacheka. "Mama, mashine haisahau sura za watu kama unavyosahau wewe."

"Basi haitaona taabu nikiijaribu."

"Jaribu," meneja akasema. "Lakini magari yakichelewa bure, funguo unaniachia mezani leo leo."

Wifi akakunja mikono ya sweta. Mbele ya mawakala akapiga kura kumi na mbili zile zile, ila kwa mgao wake: mgombea wa kwanza moja, wa pili mbili, wa tatu nne, wa nne tano. Mashine ya kwanza, sawa. Ya pili, sawa. Kufika ya tisa, wakala mmoja alikuwa anapiga miayo na meneja habandui macho kwenye saa. Wifi hakuinua kichwa.

Ya kumi na saba ikatoa karatasi ya matokeo: moja, nne, mbili, tano.

Fundi aliisoma mara mbili, akaifungua mashine. Majina yaliyobandikwa kando ya vitufe yalikuwa ya mpangilio mpya, lakini ndani ya mashine alikuwa ameingiza orodha ya zamani. Ukimpigia wa pili, anahesabiwa wa tatu.

Zilipatikana saba za namna hiyo. Zikarekebishwa, zikajaribiwa upya, zikafungwa. Magari yaliondoka saa kumi na moja jioni, na yule wakala wa miayo ndiye aliyeanza kupiga makofi. Ghala zima likamfuata, meneja naye.

"Mama, nisamehe," fundi akasema.

"Nimekusamehe. Sura yangu sasa hutaisahau."

Kesho yake saa moja asubuhi alikuta mlangoni tangazo lenye sahihi ya meneja: majaribio yote yafanywe kwa kura zisizolingana. Akalisoma hadi mwisho, akatoa funguo zake mkobani, akafungua ghala.