Gari Linalokwama Kona ya Tatu

Baada ya Laela niliacha kuhesabu vilima. Basi la kutoka Tunduma lilipanda taratibu, vumbi likipenya hata kwenye madirisha yaliyofungwa, na kila kituo abiria walizidi kuvaa: sweta, kisha koti, kisha blanketi. Ilikuwa Julai 2004. Nilishuka Sumbawanga saa nne asubuhi na shati langu la Dar es Salaam, nikitetemeka, nikauliza wapi naweza kusoma barua pepe.

"Nenda kwa Beda," muuza chai aliniambia. "Ana kompyuta sita."

Zilikuwa sita kweli, lakini hakuna iliyokuwa na mtandao. Kilikuwa chumba cha michezo: mpira, vita, mbio za magari. Ningegeuka, ila mambo mawili yalinizuia. Kwanza, kila kompyuta ilikuwa imevaa koti. Sanduku zima lilivikwa blanketi lililoshonwa kwa kipimo chake, na juu yake kitambaa cheupe cha kufuma, kama kile cha kwenye makochi ya sebuleni. Pili, mwanamke wa miaka ishirini na kitu alikuwa ameketi sakafuni karibu na mashine moja, daftari mapajani, haangalii mchezo hata kidogo. Alikuwa anaangalia saa ya ukutani.

"Anza," alisema.

Mchezaji, mfugaji aitwaye Masanja aliyekuja mjini kuuza ng'ombe, akaondoa gari lake kwa kasi. Kona ya kwanza sawa. Kona ya tatu gari likaanza kwenda kwa kurukaruka, picha ikiganda, ikiachia, ikiganda.

"Dada Asnath, hili si gari. Hili ni dume langu limeshiba majani."

"Endesha tu, kaka. Matusi baadaye."

Gari lilipomaliza mzunguko aliandika: sekunde sabini na mbili. Mstari wa juu yake, ulioandikwa asubuhi, ulisema hamsini.

Niliomba anieleze, naye akaeleza bila kuinua macho. Mchezo ni picha tu zinazopishana, thelathini au zaidi kwa sekunde. Mashine ikishindwa kuzichora haraka, jicho linaona mkwamo. Swali ni nini kinaishinda. Alikuwa amepunguza ubora wa picha, akapima. Akabadilisha memori, akapima. Akatafuta virusi, akapima. Kila mstari uliishia na neno "haisaidii". Nimeona mafundi Lubumbashi wakiipiga mashine makofi, na Mombasa nilimwona mmoja akibadilisha vitu vitano kwa mpigo halafu asijue kipi kilichoponya. Huyu aligusa kitu kimoja, akasubiri, akaandika.

"Kwa nini usiache?" nilimuuliza. "Ni michezo tu."

Beda mwenyewe, mzee mwenye kofia ya sufu, ndiye aliyejibu kutoka mlangoni. "Wiki mbili zilizopita alizifungua zote akazisafisha. Tangu hapo zinakwama. Mji mzima unasema ni mikono yake."

"Na saa nane lori linaondoka kwenda Kasanga, kule ziwani," alisema Asnath. "Nimepata kazi bandarini, ofisi ya wakala wa mizigo. Wana kompyuta tatu. Dereva wa lori anacheza hapa kila wiki, mgeni. Nikiondoka hivi, habari zangu zitashuka naye kwenye lori lile lile."

Ilikuwa saa sita na nusu. Alipima tena: sabini na tano. Akajifuta uso kwa kiganja.

Mimi nilikuwa nimejikunja kama mgonjwa wa homa. "Samahani," nikasema, "mimi naganda. Wewe imekuwaje umevua sweta?"

Aliitazama sweta yake sakafuni, kana kwamba mtu mwingine ndiye aliyeiacha pale. Kisha akatazama goti lake, lililokuwa limegusa nyuma ya mashine. Akapitisha mgongo wa mkono chini ya koti la blanketi, jinsi mama anavyopima homa ya mtoto, akauchomoa haraka.

"Nani alizivisha hizi?"

"Mimi." Josefina, mke wa Beda, aliingia na chupa ya chai. "Nimeshona siku tatu usiku. Si wewe uliyesema vumbi ndilo adui, tuzifunike?"

"Nilisema zikizimwa, mama."

"Hukusema."

Masanja aliacha kubofya. Asnath alirudi nyuma kwenye daftari hadi ukurasa wa siku ile ya kusafisha, akausoma kwa kidole.

"Kweli," alisema. "Sikusema. Nisamehe, mama."

Akafungua vifungo vya koti. Feni ya ndani, ambayo hatukuwahi kuisikia, ilivuma kama nyuki. Sumbawanga, alisema, nani angefikiria joto? Lakini prosesa, ubongo wa mashine, ikizidiwa na joto hupunguza kasi yenyewe isiungue, na asubuhi, ikiwa imelala baridi usiku kucha, hukimbia vizuri. Tulikunywa chai mashine ikipoa. Kisha Masanja akaendesha. Kona ya tatu ilipita laini.

"Hamsini na moja," alisema Asnath, na hakuandika mara moja.

"Kumbe si mikono yako," alisema Beda.

"Ni mdomo wangu, mzee."

Josefina alikuwa amezivua mashine zote makoti yake, akiyakunja vizuri mno. Honi ya lori ilipolia alimwekea Asnath moja juu ya begi. "Kasanga kuna joto. Za ofisini uzifunike nalo zikizimwa. Na waambie hivyo wote, neno kwa neno."

"Nitaandika ukutani, mama."

Beda alitoka naye hadi barabarani. Nilimwona akishika mlango wa lori na kumwambia dereva, kwa sauti ya kusikika sokoni: "Huyu ndiye fundi wangu. Kule uwaambie hivyo." Dereva alichungulia chumba cha michezo, akauliza kama kona ya tatu inapita sasa. Inapita, Beda alisema, ukirudi utaona.

Lori likageuka na vumbi lake. Basi langu lilikuwa la kesho. Masanja alinisogezea kiti, kile chenye joto karibu na mashine.

"Mgeni, wewe angalia saa," alisema. "Nataka hamsini kamili."

Nikaokota daftari alilosahau Asnath, au aliloliacha makusudi, nikasubiri mshale wa sekunde ufike juu.