Amplifaya ya Kumnong'onezea Mama

Mama alishuka kwenye gari moshi la kutoka magharibi akiwa na kikapu, kuku mmoja, na masikio yaliyokuwa yameziba karibu kabisa. Nilimwita mara tatu pale stesheni ya Nakuru, hatua tano nyuma yake, naye akaendelea kuangalia mbele. Nilipomgusa bega aligeuka, akafurahi, kisha akaniuliza, kwa sauti ya mtu anayemwita mchungaji ng'ambo ya mto, kama nimekonda kwa ajili ya kazi au kwa ajili ya mke wangu. Watu wote waligeuka kutuangalia. Mke wangu alikuwa amesimama kando yangu.

Hiyo ilikuwa miaka ya hamsini, wakati wa Hali ya Hatari. Nilikuwa fundi wa nyaya za simu za reli, kazi niliyofundishwa jeshini wakati wa vita. Tulikaa kwenye landhi, zile safu ndefu za vyumba vya wafanyakazi wa reli, familia moja chumba kimoja. Ukuta wa kututenga na jirani haukufika kwenye bati. Mtu akipiga chafya chumba cha kwanza, aliambiwa afya kutoka chumba cha sita. Vyumba viwili vya safu yetu vilikuwa vitupu tangu wenyewe walipopakiwa kwenye malori na kurudishwa kwao, na hakuna aliyevizungumzia.

Kwa desturi yetu mama halali chumba kimoja na mwanawe aliyeoa. Kwa hiyo usiku Mama alilala kwa mjane mmoja wa kanisani, safu ya pili, na mchana akashinda kwetu. Jumapili ya kwanza, baada ya chai, aliweka kikombe chini akaniuliza, "Baba yako alisema nini siku ile?"

Safu nzima ilisikia. Nilimfanyia ishara ya mkono: baadaye.

Baba alikuwa amekufa mwaka uliotangulia. Niliomba ruhusa kazini nikamkuta bado hai. Tulikuwa ndani ya nyumba, mimi na baba zangu wadogo wawili, na Mama amekaa miguuni pake. Asubuhi Baba alifungua macho akasema maneno machache. Sisi tuliinama, tukasikia, tukaitikia kwa kichwa. Hakusema tena, na kabla ya adhuhuri alikuwa ametutoka. Mama aliiona midomo ikicheza lakini hakusikia kitu. Mbele ya mtu anayekata roho hakuna anayepaza sauti, na baada ya mazishi hakuna aliyetaka kulipigia kelele jambo lile. Mama hakujua kusoma, tungeweza kumwandikia nini? Kule nyumbani watu walikuwa wamechoka kumpigia kelele, wakampunguzia maneno hadi yakabaki matatu: njoo, kula, lala. Mwaka mzima aliuliza, na mwaka mzima alionyeshwa mkono.

Mimi nilijua Baba alisema nini. Halikuwa jambo la kutangazia landhi. Na kusema kweli, sikuwa na hakika kwamba nilitaka Mama alijue.

Siku moja nilijaribu. Nilimpeleka kwenye uwanja ulio wazi ng'ambo ya reli, upande wa ziwa, upepo ukirusha vumbi jeupe la magadi usoni. Nilisimama karibu na sikio lake nikapaza sauti, "Baba alisema..." nikakwama. Huwezi kutamka maneno ya marehemu kwa sauti ya ugomvi. Nilipojaribu mara ya pili, askari mmoja alikuwa ameshafika.

"Mbona unamgombeza huyu mama?"

"Simgombezi. Ni mama yangu. Hasikii."

Alitazama kipande changu, kile kitambulisho tulicholazimishwa kubeba, akatazama miguu ya Mama, akanirudishia. "Mambo ya nyumbani mkazungumzie nyumbani," akasema.

Tangu siku hiyo sikuweza kutulia. Nikikaa, goti linacheza. Nikiwa kazini juu ya nguzo, mawazo yako chumbani. Nilikuwa nimeona jeshini jinsi sauti ndogo inavyoingia upande mmoja wa mashine na kutoka kubwa upande wa pili. Nikasema nitaunda amplifaya, si ya kupiga kelele, bali ya kumwezesha Mama kusikia mtu akinong'ona.

Maikrofoni niliipata kwa msimamizi wangu: kidonge cha mdomoni cha simu ya zamani, ambayo ilikuwa imetupwa kwenye pipa la takataka. Spika za masikioni, zile za chuma cha kuvaa kichwani, nilizitoa Gilgil, kwa mtu aliyeuza vitu vikuukuu vya jeshi karibu na kambi. Vilivyobaki nilivitoa kwa fundi Mhindi wa redio kule bazaari: redio mbovu ya betri iliyopasuka sanduku, ndani yake taa mbili bado nzima. Taa hizo ni vile vichupa vya kioo vinavyokuza sauti. Hatukuwa na stima landhini, kwa hiyo kila kitu kingetumia betri kavu, moja ndogo ya kuwasha taa na moja kubwa ya kusukuma sauti.

Nilifanya kazi jioni nikitoka zamu, kabla jua halijazama, mlango wazi, chuma cha kuyeyushia risasi ya kulehemu nyaya nikikipasha kwenye jiko la makaa ambalo mke wangu alilihitaji kwa ugali.

"Baba watoto, tutakula risasi leo?" aliuliza.

Siku ya kwanza niliyoiwasha, ilinguruma kama lori linalopanda mlima. Mke wangu ndiye aliyekuwa na sikio. Aliimba sauti ya pili kanisani, na mwalimu wa kwaya alikuwa akimtegemea yeye kujua nani ametoka nje ya tuni. Nilimvalisha spika nikaongea. Akasikiliza kwa makini, akavua.

"Kuna mtu anakaanga mahindi. Wewe uko mbali sana, nyuma ya mahindi."

Kutafuta kiungo kibovu ilikuwa ndiyo kazi yangu ya kila siku. Simu ikikatika kati ya Nakuru na Gilgil, hukimbii kila mahali. Unapanda nguzo, unapima. Ukisikia uzima, unasonga mbele hadi nguzo ambayo uzima unaishia. Kwenye amplifaya ni vivyo hivyo, ila unaanzia mwisho. Unavaa spika, unagusa kwa ncha ya bisibisi mahali pa karibu nazo. Ukisikia mlio, hapo ni pazima, unarudi nyuma hatua moja. Kazini nilikuwa mvumilivu hata wenzangu wakanicheka. Nyumbani, Mama akiwa amekaa kwenye kigoda ananiangalia mikono, uvumilivu ulinihama. Niligusa hapa, nikaruka kule, nikafungua kiungo kizima kwa sababu tu kilikuwa karibu na kidole.

Nilipata kasoro ya kwanza: mahali nilipolehemu, risasi ilikuwa imekaa juu tu kama uji uliopoa, haikushika waya. Nikairudia, mahindi yakapungua. Ya pili ilikuwa maikrofoni yenyewe. Ndani yake mna chembe za makaa, nazo zilikuwa zimeshikana kwa kukaa. Nikaigonga kwenye meza taratibu hadi zikaachana, sauti yangu ikasogea karibu. Ningeishia hapo siku ile. Lakini nilitaka zaidi, nikaanza kubadilisha nyaya kwa haraka, na waya wa betri kubwa nikauunga mahali pa ile ndogo. Taa moja iliwaka nyeupe kama umeme wa mvua, ikazima. Haikuwaka tena.

Mama hakusikia nilichosema, na nashukuru.

Nilirudi bazaari. Yule fundi aliishika taa kwenye mwanga, akaitikisa karibu na sikio. "Wewe iko haraka," aliniambia. "Taa hapana kufa, wewe naua." Alinitafutia nyingine kwenye sanduku la viatu na kunifunga mkono kwa uzi mwekundu wa dukani. "Kila waya ya betri kubwa, funga uzi kama hii. Mkono yako ikiona nyekundu, simama." Nilifanya hivyo. Ulikuwa msaada mkubwa kuliko taa.

Baada ya majuma mawili hivi, sauti ilitakata. Nilimpa mke wangu maikrofoni, waya mrefu ukapita mlangoni, yeye akasimama uani kwenye kamba ya nguo. Akanong'ona, "Chumvi imekwisha," na mimi ndani nikamsikia kama yuko begani. Nikamwita Mama. Nikamvalisha spika juu ya masikio, nikachukua maikrofoni, nikanong'ona jina lake la utotoni.

Alifikiri kidogo. "Nasikia nyuki," akasema kwa sauti yake kubwa. "Nyuki wengi. Wako mbali."

Niliongeza nguvu. Nyuki wakaongezeka. Nikamvua, nikasikiliza mwenyewe: safi kabisa. Nikamvalisha tena: nyuki. Nikachukua bisibisi nikaanza kufungua sanduku lote upya.

"Acha kuchokoa," mke wangu akasema. "Mashine ni nzima. Mimi nimesikia, wewe umesikia. Kibovu hakimo humo sandukuni."

"Kimo wapi?"

"Sijui. Lakini ukiifungua tena leo utaiua, na wewe utakufa nayo."

Nilitoka kwa hasira. Nilifuata reli hadi karibu na daraja, nikarudi, nikaenda tena. Nilitembea hivyo labda saa nzima, nikihesabu viungo kichwani kutoka mdomo hadi sikio. Vyote nilikuwa nimevipima. Nilichokuwa sijakipima ni sikio la Mama, na hilo singeweza kulifungua kwa bisibisi.

Niliporudi nilisimama mlangoni. Nilidhani Mama amekwenda kwa mjane, kwa maana sikusikia sauti yake. Kumbe alikuwa palepale kwenye kigoda. Ule utepe wa chuma wa spika ulikuwa umembana, akausukuma nyuma juu ya kitambaa cha kichwa, na kile kikombe kigumu cha spika kikawa kimekandamiza mfupa ulio nyuma ya sikio. Mke wangu alikuwa amekaa mkekani, maikrofoni kwenye midomo, akiongea kwa sauti ya kuongelea jikoni. Mama alikuwa akimjibu: sauti ilikuwa ikiingia kwa kupitia mfupa, si tundu la sikio lililoziba. Alikuwa akimjibu taratibu, kwa sauti niliyoisahau, kwa sababu sasa alijisikia mwenyewe. Walizungumza nini sikuambiwa, na sikuuliza. Mke wangu alikuwa amelia. Aliponiona alifuta uso, akanipa maikrofoni, akatoka.

Niliketi. Mama aliniangalia.

"Baba yako alisema nini?"

Kwa majuma yale yote nilikuwa nimemtungia maneno. Alisema utunzwe vizuri. Alisema umekuwa mke mwema. Yalikuwa maneno mazuri na yalikuwa kwenye ulimi. Lakini uso wake ulikuwa umbali wa shubiri moja, na ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka mingi kwamba ningemwambia jambo naye akalisikia lote.

"Aliuliza kama lango limefungwa," nikanong'ona. "Akasema mbuzi wataingia kwenye mihogo."

"Akaishia hapo?"

"Hapo, Mama."

"Na nyinyi mliitikia kwa vichwa."

"Tuliitikia."

"Kuna aliyekwenda kuangalia lango?"

"Hapana."

"Halikufungwa," akasema. "Baada ya mazishi nilikuta mihogo ya upande wa mto imeliwa hadi kwenye mizizi. Nikawalaumu nguruwe wa mwituni." Akaangalia mikono yake. "Mihogo ile niliipanda mimi. Yeye alisema haitatoka."

Nilingoja alie, au anikasirikie. Alivua spika, akaukunja waya vizuri kama mtu anayekunja nguo, akaomba chai.

Kuanzia siku ya pili nilifukuzwa mezani pangu. Mjane alikuja, wanawake wa safu wakaja, kila mmoja akakamata maikrofoni na kumpa Mama habari za mwaka mzima: nani ameolewa, nani amehama, bei ya unga, nani haendi tena kanisani. Mimi nilizunguka nje bila la kufanya. Nilipojaribu kulisogelea sanduku ili nirekebishe kidogo, Mama alinipiga kofi la mkononi, taratibu.

Wakati wa mavuno alirudi nyumbani nalo, limefungwa ndani ya blanketi, pamoja na betri mbili za akiba. Mdogo wangu aliniandikia kwamba Mama huliwasha Jumapili tu ili betri zisiishe, na kwamba siku hiyo watu wote wa boma lazima wapite mmoja mmoja kumweleza wiki ilikuwaje, na akiona mtu anafupisha, humrudisha kwenye foleni.