Kengele ya Tingatinga

Dinah Shikanga ndiye aliyeileta kengele ofisini kwa mikono yake mwenyewe, na ndiye aliyeitungia sheria. Kwa hiyo ilipomgeukia, hakuwa na wa kumlilia.

Ofisi yenyewe ni vyumba viwili juu ya duka la mbegu na mbolea, hapo mjini Kakamega, na wanaofanya kazi humo ni vijana wachache wanaoandika programu za kompyuta kwa lugha ya Java. Wanayojivunia zaidi ni ile inayowaarifu wakulima wa miwa wa Butere siku lori litakapokuja, ili mtu asikate miwa mapema ikamkaukia shambani. Programu kama hiyo huandikwa vipande vipande, huyu chake na yule chake, kisha vipande vyote huunganishwa kuwa kitu kimoja. Kazi ya kuunganisha hufanywa na programu nyingine iitwayo Maven, ambayo nayo ina wasaidizi wake, huitwa plagini: mmoja anapima, mwingine anafunga, mwingine anagonga muhuri wa tarehe. Mambo yakienda sawa, skrini inaonyesha kijani. Msaidizi mmoja akigoma, kazi yote inasimama, skrini inakuwa nyekundu, na watu wanaanza kutazamana.

Na walikuwa wakitazamana, jamani! Kila mtu alimsukumia mwenzake. "Kwangu inakubali!" ndio ulikuwa wimbo wa ofisi. Dinah alipochoka nao alienda kwao Malinya, akarudi na kengele ya ng'ombe, akatangaza sheria: aliyegusa kazi mwisho kabla ya nyekundu anavaa kengele shingoni, na haivui mpaka kijani kirudi. Ukienda msalani, inalia. Ukishuka hotelini kula, inalia. Chepng'etich, dada mpole wa meza ya dirishani, aliwahi kwenda nayo benki, na mlinzi akamfungulia mlango huku amejiuma midomo asicheke. Dinah hakumhurumia mtu. Bravin, mdogo wao kazini, alipomsihi aivue aende mazoezi ya kwaya, alijibiwa, "Kaimbe nayo. Itawasaidia kushika mapigo."

Baba yake, mzee Shikanga, hakuitoa kengele ile kwa moyo mweupe. Ilikuwa ya babu yake. Fahali wa boma lile haendi uwanjani kupigana na wenzake bila kengele hiyo shingoni, na huvuliwa pale tu anapokaribia kutazamana na mpinzani wake. Ila wakati ule mzee hakuwa na fahali wa kupigana, alikuwa na ndama mmoja mkaidi aliyeitwa Tingatinga kwa jinsi alivyoangusha ua.

"Chukua," alimwambia Dinah. "Lakini huyu akikua, inarudi. Ukakae nayo vizuri huko unakokaa."

Unakokaa! Hilo neno lilimchoma Dinah kila mara. Kwa mzee, kaka zake walifanya kazi: mmoja fundi wa magari, mwingine mwalimu. Dinah alikaa. "Bado unakaa kule na kompyuta?" ndiyo ilikuwa salamu yake. Dinah alijaribu kumweleza mara nyingi, mzee akitikisa kichwa kwa upole, na mwisho akimuuliza kama amekula.

Tingatinga akakua. Akawa mlima wa nyama wenye pembe, na siku yake ya kwanza uwanjani ikapangwa Jumamosi asubuhi. "Kengele nitaileta mwenyewe, Baba," Dinah aliahidi. "Usiwe na hofu nayo."

Ijumaa hiyo ofisi ilikuwa imepata intaneti ya waya kwa mara ya kwanza, na Dinah akawa amewafungia kompyuta mpya ambayo kazi yake ingekuwa kuunganisha programu yenyewe, bila kushikwa mkono na mtu. Aliiwasha asubuhi, akakunja mikono kifuani, akangoja kusifiwa. Nyekundu!

"Nani amegusa mwisho?" Chepng'etich aliuliza kwa sauti tamu kama asali, wakati kengele tayari alikuwa ameishika.

Dinah akainamisha shingo. Angefanya nini? Alianza kazi akidhani ni jambo dogo. Wengi hukimbilia mstari wa mwisho wa kosa, yeye alisoma kuanzia juu, taratibu. Kompyuta ilisema haiioni ile plagini ya kugonga muhuri wa tarehe. Akapima intaneti, iko. Akatazama namba ya toleo la plagini, sawasawa. Akahakikisha Java ni ile ile wanayotumia wote, ni ile ile. Akafuta alichokwisha kupakua, akaanza upya. Nyekundu, tena nyekundu ya kukodolea macho.

"Kwangu inakubali," Chepng'etich akasema.

"Hata kwangu," Bravin akadakia, na wakagonganisha viganja. Haki ya nani, watu hawasahau!

Simu ikalia. Mzee Shikanga.

"Kengele iko wapi?"

"Iko karibu nami sana, Baba." Akageuza kichwa, ikalia.

"Naisikia. Mbona inalia? Kuna ng'ombe huko?"

Bravin alilazimika kutoka nje. Dinah alimjibu baba yake kwamba anaipangusa vumbi, akakata simu huku uso unamwaka. Kisha akampigia Ignatius Osiako, bosi wao, aliyekuwa Butere kutwa hiyo akiwafundisha wakulima kutumia ile programu.

"Bosi, naomba jambo moja tu. Kesho hii kengele inahitajika nyumbani."

"Dinah, sheria alitunga nani?"

"Mimi."

"Kengele inavuliwa lini?"

"Kijani kikirudi."

"Basi kirudishe, mama, uende nayo hata Mombasa." Akacheka mpaka simu ikakwaruza.

Dinah aliirudisha simu mezani. Roho ilimwuma kwelikweli. Aliiona asubuhi ya Jumamosi, wapiga ngoma za isukuti wamejipanga uani, baba yake anachungulia barabarani, na shingo ya Tingatinga iko tupu. Mzee hangefoka. Angesema tu kwamba watoto wanaokaa mjini ndivyo walivyo. Hilo ndilo asingelistahimili.

Akavuta kiti hadi mezani kwa Chepng'etich. "Niambie. Siku ya kwanza ulipoanza hapa, hizi plagini ulizipata wapi?"

"Bravin alinipa flashi."

"Bravin, na wewe?"

"Wewe ulinipa flashi. Umesahau? Ulisema nisimalize bando lako."

Dinah akakumbuka. Ni kweli. Zamani zile za bando za kubana, hakuna aliyekubali kupakua kitu ambacho jirani anacho. Mgeni akija, alipewa karibu, kikombe cha chai, na flashi yenye folda nzima ya plagini, kama watu wanavyoombana kaa la moto jikoni. Na yeye Dinah kaa lake aliliomba kwa nani? Kwa Ignatius.

Akarudi kwenye kompyuta yake, ile ambayo haikuwahi kumsumbua, akaificha ile folda iliyotoka kwenye flashi, akaiamuru Maven ianze kama mgeni asiye na kitu. Nyekundu!

"Hata kwangu haikubali!" akapiga kelele, akaruka, kengele ikalia kwa fujo. Mwenye duka la mbegu akauliza kutoka chini kama kuna mtu ameumia. "Hapana!" Dinah akajibu. "Ni raha!" Sijapata kusikia mtu mwingine aliyefurahia kuharibikiwa kiasi hicho. Lakini alikuwa na haki yake, maana sasa alijua kompyuta mpya haina kosa. Mtandaoni, kwenye ghala kuu ambamo plagini za dunia nzima huwekwa, hiyo ya muhuri haikuwamo na haikuwahi kuwamo. Iliishi kwenye flashi tu.

Jua likiwa limeanza kulegea, Ignatius akaingia na fimbo za muwa begani, zawadi kutoka Butere. Alipomwona Dinah na kengele yake akaanza kucheka upya.

"Bosi," Dinah akamwuliza polepole, "ile plagini ya muhuri wa tarehe ilitoka wapi?"

"Si mtandaoni, kama zingine?"

"Haiko mtandaoni. Tumeitafuta."

Ignatius akatua miwa chini. Akakuna kichwa. Kisha macho yakamtoka. "Woi! Hiyo ni yangu! Niliiandika Shirere nikiwa mwanafunzi, kwenye kile chumba cha kupanga kinachovuja. Nilisema nitaiweka mtandaoni baada ya mtihani."

"Mtihani gani?" Chepng'etich akauliza.

"Ule niliofanya," Ignatius akasema, na ofisi nzima ikaangua kicheko.

Bravin, aliyependa haki inapowahusu wengine, akakumbusha kwamba sheria inamtaka aliyegusa mwisho. Dinah akamwambia kwamba aliyegusa mwanzo ndiye mkubwa wake. Ignatius mwenyewe akamaliza ubishi. "Leteni," akasema, akavua kofia na kuinamisha shingo.

Dawa yenyewe ilikuwa nyepesi. Dinah aliichukua plagini ile kutoka kwenye folda yake, akaiweka kwenye ghala la ofisi mtandaoni, akaielekeza kompyuta mpya huko. Wakasimama wote nyuma yake. Mistari ikaanza kushuka, ikapita pale ilipokwama kutwa, ikaendelea, ikaendelea. Stima ikapotea, skrini ikazimika.

"Aaah!" wakasema kwa pamoja, na mji mzima pengine.

Ile kompyuta ingeamka yenyewe stima ikirudi, ianze upya na kuwatumia ujumbe kwenye simu. Lakini itarudi lini? Wakamtazama Ignatius. Angeweza kuivua kengele wakati huo huo, na nani angembishia?

"Msinitazame hivyo," akasema. "Asubuhi ni mimi niliyemnyima Dinah. Kesho tunaenda Malinya wote, kengele na mimi."

Ndivyo mzee Shikanga alivyompokea bosi wa binti yake alfajiri ile, mtu mzima mwenye shati la kola, anaingia uani akilia ng'aling'ali. Wapiga isukuti wakaacha ngoma. Mama yake Dinah akafunika mdomo kwa leso. Tingatinga peke yake ndiye aliyeona ni jambo la kawaida.

"Shikamoo, mzee," Ignatius akasema.

"Marahaba. Huyu mmemfunga kwa nini?"

Dinah akaeleza, safari hii bila maneno makubwa. "Alitengeneza kifaa, Baba, akakiacha nyumbani kwake. Sisi tukawa tunaazimana bila kujua kilikotoka. Jana kompyuta ngeni ikaenda kukitafuta sokoni, ikakikosa, na kazi ya wakulima wa Butere ikasimama. Kwetu mwenye kosa anavaa kengele hadi kosa linyooke. Tumeshalinyoosha, nadhani, lakini tunangoja stima irudi tujue."

"Nani aligundua?"

"Binti yako, mzee," Ignatius akasema. "Nami nilikuwa namcheka."

Mzee akamzunguka Ignatius mara moja, kama anavyomzunguka ng'ombe mnadani. Kiongozi wa ngoma akamwambia kwamba wenzao wameshatoka, wamsaidie huyu bwana kuivua waende.

"Wacha!" mzee akafoka. "Mnataka fahali wangu aende na kosa la watu shingoni? Tunangoja."

Wakangoja. Ignatius akaletewa obusuma, ule ugali wa kwao, na ingokho, kuku aliyebaki jana, akala huku akilia kila anapotafuna, na watoto wa jirani wakaja kutazama. Kutoka uwanjani sauti za ngoma za watu wengine zilianza kusikika. Dinah alishika simu kwa mikono miwili. Mzee alitazama barabara, akatazama simu, akatazama tena barabara.

Simu ikatetemeka.

"Kijani!" Dinah akapiga mayowe. "Baba, ni kijani!"

Mama akapiga vigelegele. Mzee mwenyewe akaivua kengele shingoni mwa Ignatius, akaifunga kwa Tingatinga, na isukuti ikalipuka. Walitoka wote wakikimbia na kucheza, Ignatius mbele kabisa na tawi mkononi, shingo yake nyepesi. Uwanjani, Tingatinga alivuliwa kengele, akainamisha kichwa, akapuliza vumbi. Mpinzani wake akamtazama, akafikiri kidogo, akageuka na kupita katikati ya watu mpaka kwenye mahindi ya mtu. Ilikwisha hivyo. Watu walimbeba mzee juujuu.

Mchana, kelele zilipotulia, mzee alimwita Dinah nyuma ya nyumba, akamwekea kengele mkononi.

"Lakini Baba, si ulisema akikua inarudi?"

"Tingatinga ataihitaji siku za kupigana. Wewe nimeona unaihitaji kila siku. Keshokutwa ukienda kazini, uende nayo."

Kazini. Alilisema hivyo tu, huku akiipangusa vumbi kwa kidole, wala hakujua alichosema. Dinah akajaribu kumshukuru, akajikuta anacheka na machozi yanamtoka. Mzee akashangaa, akamwuliza kama amekula.

"Nimekula, Baba," akajibu, na akaivaa.