Maiti wa Filimu Hakufungwa Kidevu

Mjukuu wangu hajawahi kumuacha mtu amalize filimu kwa amani. Wewe ndio kwanza umekaa, umeweka kikombe chako cha chai chini, mwanamume wa kwenye filimu ndio anashuka kwenye gari, na yeye huko jikoni anasema, "Huyo atakufa. Shemeji yake ndiye atamuua." Basi. Utabaki saa nzima unamwangalia mtu ambaye umeshamkalia matanga.

Ana miaka ishirini na mitatu, anasuka nywele kwenye saluni moja kule Jabe, karibu na soko, na mimi nasema ni saluni iliyomfungua mdomo. Pale mtu anakaa tangu asubuhi mpaka adhuhuri, kichwa kimeshikwa, hana pa kukimbilia. Lazima aambiwe kitu. Kwa hiyo anawasimulia filimu. Nimesikia kuna wateja wameacha kabisa kuangalia televizio, wanangoja nywele zichakae waende kusimuliwa.

Nyumbani kwetu filimu ni Jumapili, tukishasali adhuhuri na kula. Tunashusha mapazia chumba kiwe giza, wajukuu wangu wawili wadogo wanakaa mkekani, mimi kwenye kiti kwa sababu ya magoti. Filimu zinakuja kwenye flashi, zimeshatafsiriwa, maana yake kuna mwanamume mmoja anazungumza Kiswahili juu ya maneno yao. Huyo bwana ana sauti moja tu kwa watu wote. Bibi harusi ni yeye, jambazi ni yeye, siku moja hata mbwa alikuwa yeye.

Marehemu mume wangu ndiye aliyeweka sheria: filimu ikiisha, hakuna kufungua pazia kabla kila mtu hajasema lake. Yeye alikuwa fundi wa magari, filimu alikuwa anaisikiliza injini. Watu wanapigana bunduki, damu inatoka, yeye ananiambia, "Sikia hiyo boksi ya gia, hawafiki mbali." Na kweli hawakufika. Mimi langu huwa ni la jikoni. Mwezi uliopita tuliangalia moja ya mapenzi, vijana wawili walilia, wakaachana, wakarudiana, wakakimbia kwenye mvua. Nikasema, wamependana tangu mwanzo mpaka mwisho na hakuna hata mmoja aliyeinjika sufuria. Hiyo ndoa haina miguu. Wadogo wakakubaliana nami, pazia likafunguliwa.

Sasa nieleze kazi yangu, maana bila hiyo hamtaelewa kwa nini filimu moja ilinikosesha usingizi.

Mimi naosha maiti wa kike. Nimeanza kazi hiyo nikiwa bado na mtoto mgongoni. Siyo kazi ya mshahara, ni ya thawabu. Mwanamke wa Kiislamu akifa huku kwetu, napigiwa simu, naenda na kitambaa changu na kafuri yangu. Shule sikwenda sana, lakini majina sisahau. Kila niliyemuosha jina lake ninalo, kwa sababu ninapomgeuza namtaja. Ninamwambia, sasa tunakulaza upande wa kushoto, usihangaike. Majina hayo sitayaandika hapa, wala la mtu mwingine yeyote, na sababu yake ni sheria ya pili ya nyumbani kwangu, iliyo kubwa kuliko ya pazia: ukiona kitu kwenye kitanda cha kuoshea, umekiona wewe na Mungu. Kovu, alama, chochote. Ukitoka pale, hukuona.

Kuosha peke yako haiwezekani. Mmoja anasugua, mwingine anamimina maji. Mwenzangu wa miaka yote, tuliyeanza naye tukiwa bado vijana, macho yamemuisha, na binti yake amemchukua akaishi naye Uvira. Nikabaki mimi na magoti haya. Nilimwomba mjukuu wangu ajifunze, naye kabla ya Ramadhani alikubali. Moyoni nilifurahi, lakini nilikuwa na wasiwasi mmoja, nao mnaujua. Mtoto ambaye hawezi kukuficha mwisho wa filimu, atawafichia wafu mambo yao?

Kabla sijapata jibu, akaja na wasiwasi wake mwenyewe. Alirudi kazini siku moja, hata mkoba hajauweka.

"Bibi, mi siwezi tena ile kazi yako."

"Kwa nini, mama?"

"Mutu akishakufa anabaki na nguvu. Nimeona."

"Umeona wapi?"

"Mu telefone ya mama mumoja kule saluni. Maiti ameamka, Bibi. Ameenda mpaka kwa bwana yake."

Nimeishi na maiti miaka mingi kuliko umri wa mama yake. Sasa simu ya mama mmoja wa saluni ndiyo inajua kuliko mimi. Lakini sikumgombeza. Nilimwambia, "Tafuta hiyo filimu uilete Jumapili. Na mi niione."

Akaileta. Tukashusha mapazia.

Ilikuwa hivi. Kuna mwanamke tajiri, nyumba yake kama hizi za Kiriri, ngazi ndani, ngazi nje. Anakufa ghafla. Wanampeleka chumba cha barafu, wanamvalisha gauni jekundu, wanazima taa, wanaondoka. Mume wake anaenda kunywa na mdogo wa marehemu. Siku ya tatu, jicho moja linafunguka. Mtafsiri wetu akashusha sauti, akasema, "Sasa ndugu zangu, mambo yameanza." Wadogo wote wawili wakaingia chini ya kitenge changu.

Mjukuu wangu alijifunika uso kwa mto, na hata humo ndani ya mto mdomo haukunyamaza. "Sasa anakaa. Sasa anafungua kinywa. Sasa atamushika yule mulinzi mguu." Mlinzi akashikwa mguu na hakuna aliyeshtuka, sote tulikuwa tunangoja. Wadogo wakatoka kwenye kitenge. Aliyebaki anatetemeka ni mmoja tu, msimuliaji.

Ikaisha. Nikasema mimi naanza.

"Huyu maiti nani alimufunga kidevu?"

"Hakuna, Bibi. Ni filimu."

"Ndiyo maana kinywa kimefika kifuani. Ni kitambaa kimoja tu. Unapitisha chini ya kidevu, unafunga juu ya kichwa, filimu imekwisha. Na macho, nani aliyafumba?"

"Hakuna aliyefumba," akasema mkubwa wa wale wadogo, tayari anacheka.

"Unaona. Halafu wamemulaza peke yake siku tatu kwenye baridi, taa zimezimwa, hakuna hata mutu mumoja wa kukaa naye. Mi pia ningeamka niulize wameenda wapi."

Mjukuu wangu akatoa uso kwenye mto.

"Na yule bwana yake anakimbia nini? Bibi yake ametembea kwa miguu kutoka hospitali mpaka nyumbani na viatu virefu. Hata kumuuliza kama amekula?"

Hapo akacheka mpaka machozi, akapiga mkeka kwa kiganja. Nikajua nimeshinda. Akainuka kufungua pazia, mwanga ukaingia, na akiwa bado anafuta macho akasema, "Lakini Bibi, kuosha siwezi."

Mtu akishacheka na bado anaogopa, hofu yake ni ya kweli.

Siku ya Alhamisi, asubuhi, simu ikalia. Amefariki mama mmoja wa mtaa wetu, aliyekuwa akiuza mandazi mlangoni kwake. Nusu ya watu wa huku walikua kwa mandazi yake, na mimi nilimjua tangu siku aliyoletwa bibi harusi. Alikuwa na mabinti wanne. Wanne wote wanasukwa kwenye saluni ya mjukuu wangu.

Nikajaribu kumpata mtu wa kunisaidia. Mmoja alikuwa safarini, mwingine alikuwa na homa. Mazishi ni baada ya adhuhuri, maji yameshapashwa moto. Mjukuu wangu alikuwa anavaa viatu aende kazini. Nikamwambia, "Nisindikize tu mpaka mlangoni. Unibebee ndoo."

"Mpaka mlangoni, Bibi."

"Mpaka mlangoni."

Wote wawili tulijua nasema uongo, lakini alibeba ndoo.

Nyumba ilikuwa imejaa. Wanawake uani, wanaume barabarani kwenye mabenchi. Chumba cha kuoshea walikuwa wamekitenga kwa shuka. Mimi nikaingia, yeye akabaki nje ya shuka, miguu yake naiona kwa chini. Nikaanza kupanga vitu vyangu polepole, polepole kuliko kawaida. Mwishowe sauti ikatoka nyuma ya shuka, ndogo.

"Bibi. Akiamka je?"

"Akiamka tutamushukuru Mungu, na tutamuomba apike mandazi. Watu wamejaa huko nje na hawajala."

Nikasikia pumzi ya mtu anayezuia kicheko kwenye msiba, na shuka likasogea.

Alisimama karibu na ukuta kwanza. Nikamwonyesha kidevu, kimefungwa. Nikamwonyesha macho, yamefumbwa. Akaitikia kwa kichwa kama fundi anayekagua kazi ya mwenzake. Nikampa kata ya maji. Mkono ulitetemeka, maji yakaingia kwenye kiatu changu. Nikamtaja yule mama kwa jina, nikamwambia huyu anayemimina ni mjukuu wangu, ni mara yake ya kwanza, amvumilie. Tukaosha upande wa kulia. Tukaosha upande wa kushoto. Mkono bado unatetemeka.

Tukafika kwenye nywele.

Nywele za mwanamke tunazifungua, tunaziosha, halafu tunasuka mikia mitatu tunailaza nyuma. Vidole vyangu siku hizi ni vizito kwa kusuka. Nilikuwa bado natafuta pa kuanzia, nikaona kata imewekwa chini na mikono miwili imekuja, imeshika kichwa kile kama inavyoshika vichwa vyote kule Jabe. Akagawa nywele kwa kidole kidogo. Akasuka. Mikono haikutetemeka hata mara moja. Na mdomo wake, bila yeye kujua nafikiri, ukamwambia yule mama, "Haikazi sana? Eh, nimelegeza."

Mimi niligeuka nikatafuta kafuri ambayo ilikuwa mkononi mwangu.

Lakini kulikuwa na jambo. Wakati tunamuosha, kabla ya nywele, kulikuwa na kitu ambacho mimi nilikiona na yeye alikiona, najua, kwa sababu kata ilisimama hewani. Alinitazama, nikamtazama. Nikasema, "Mimina," akamimina. Hilo tu ndilo lililosemwa. Mkitaka kujua ni nini, samahani. Sikuona kitu.

Tukamvisha sanda, wakamchukua, wakamzika. Na hapo ndipo hofu ilipohama, ikatoka kwa mjukuu ikaingia kwa bibi. Jioni ile alikula vizuri, akalala kama mtoto. Mimi nilikuwa nahesabu viti vya saluni ya Jabe. Mabinti wanne wa marehemu, majirani zao, mawifi zao, kila kichwa kinakaa pale tangu asubuhi mpaka adhuhuri na kinataka kuambiwa kitu. Kama neno lile lingetoka, lingefika sokoni kabla ya alasiri, na yule mama angezikwa mara ya pili, safari hii bila sanda. Mimi ndiye niliyemleta mtoto mwenye mdomo ule kwenye kitanda kile. Ningemjibu nini marehemu?

Ijumaa ikapita. Jumamosi alasiri, jirani yangu wa nyumba ya tatu akapita, kichwa kimesukwa upya, kinang'aa mafuta. Nikamwita aingie anywe maji. Nilitaka kuuliza kama mtu asiyeuliza.

"Umependeza. Ni mikono ya mujukuu wangu?"

"Ni yeye. Lakini leo ametuvunja mbavu."

Nikaweka chupa ya maji chini. "Kwa nini?"

"Ametupa filimu moja ya maiti na gauni jekundu. Eti wale watu hawakumufunga kidevu. Eti bwana yake hakumuuliza kama amekula. Aliyatoa wapi hayo?"

"Sijui. Vijana wanaangalia vitu vingi." Nikamwongezea maji ambayo hakuyaomba. "Na habari za marehemu wetu? Si mujukuu wangu alikuwepo siku ile."

"Tulimuuliza. Si unatujua. Mumoja akamuuliza moja kwa moja, marehemu alikuwaje, mulimukutaje."

"Akasema nini?"

Jirani yangu akashika kisogo chake, pale ambapo bado palikuwa panamuuma.

"Alimwambia, inama, nianze nyuma."

Alipoondoka nikampigia mwenzangu kule Uvira, nikamwambia nimepata wa kumimina. Akauliza ni nani. Nilipomtajia akasema, "Yule wa filimu?" Nikamwambia, yule yule.

Jumapili tulishusha mapazia kama kawaida. Ilikuwa filimu ya wizi wa benki. Wadogo walikuwa wamejipanga, mimi na kikombe changu, mtafsiri ndio anaanza kuwasalimu ndugu zake, na mwanamume mwenye kofia ndio anaingia mlangoni.

"Huyo mwenye kofia ni polisi," akasema mjukuu wangu kutoka jikoni. "Anajifanya tu."

"Dada," wadogo wakalalamika pamoja.

Wakanigeukia mimi nimkataze. Nikanywa chai yangu. Siri za filimu nimemsamehe zote.